AFYA YETU: CHAI YA KIJANI NA SARATANI YA DAMU



Mwezi huu tutasoma habari za chai. Siyo chai ya rangi tunayokunywa asubuhi. Ni chai ya kijani. Siku hizi chai hii inauzwa katika maduka ya mijini. Wengine huuza majani yake ndani ya pakiti. Wengine huuza kiini chake ndani ya vidonge. Wapo wauzaji wanaosema kwamba inasafisha damu. Wapo wanaosema kwamba inaponya hata saratani ya damu.

Je, ni kweli? Jambo hili si dogo. Mgonjwa akidanganyika, aweza kuacha dawa inayomweka hai. Basi tulisome polepole, hatua kwa hatua.

SARATANI YA DAMU NI NINI?

Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa. Ukipasua mfupa wa ng'ombe, utaona kitu laini ndani yake. Kitu hicho huitwa uboho. Uboho ni kiwanda cha damu. Hapo hutengenezwa chembe nyekundu na chembe nyeupe. Chembe nyekundu hubeba hewa safi na kuipeleka mwili mzima. Chembe nyeupe ni askari. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa.

Pima tone dogo sana la damu, dogo kama kichwa cha pini. Katika tone hilo, mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Mgonjwa wa saratani ya damu aweza kuwa na 100,000 au zaidi. Askari wamekuwa wengi, lakini ni askari wabovu. Wamejaa kiwandani mpaka chembe nyingine zinakosa nafasi. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na kuchoka.

Madaktari huita ugonjwa huu lukemia. Ipo lukemia kali, ambayo huenda mbio. Ipo lukemia sugu, ambayo huenda polepole. Leo tunazungumza juu ya lukemia sugu. Nayo ina aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza hujaza bandama. Katika Afrika Mashariki huwapata sana watu wa makamo, na hata vijana.

Aina ya pili huvimbisha matezi ya shingoni, kwapani na kwenye kinena. Huwapata zaidi wazee. Kwa wagonjwa wengine aina hii hutambaa polepole sana. Daktari aweza kumwambia mgonjwa, "Kwa sasa hatukupi dawa. Tutakuwa tunakupima."

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na uchawi. Mke hawezi kumwambukiza mume, wala mama hawezi kumwambukiza mtoto kwa kumpikia chakula.

SI KILA BANDAMA NI MALARIA

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunaijua malaria vizuri. Tunajua kwamba malaria inayorudi mara kwa mara huvimbisha bandama. Kwa hiyo mtu akivimba tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, tunasema mara moja, "Huyo ana bandama ya malaria." Wengine humchanja tumboni kwa wembe. Wengine humkanda kwa nguvu.

Mambo hayo ni ya hatari. Bandama iliyovimba yaweza kupasuka ikikandwa au ikigongwa. Damu itamwagika ndani ya tumbo, na mtu aweza kufa. Wembe nao waweza kuleta vidonda, damu nyingi kutoka, na magonjwa mengine.

Angalia dalili hizi:

1. Uvimbe upande wa kushoto wa tumbo, na kushiba haraka baada ya kula matonge machache.
2. Kukonda bila sababu.
3. Uchovu usiokwisha.
4. Jasho jingi usiku, na homa zinazorudi.
5. Damu kutoka puani au kwenye ufizi.
6. Matezi yaliyovimba, hasa yasiyouma.

Dalili hizi zaweza kuwa za malaria, za kifua kikuu au za ugonjwa mwingine. Kwa macho huwezi kujua. Mtu akipimwa malaria na asionekane nayo, au akitibiwa na bandama isipungue, aombe kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Kipimo hicho ndicho kinachofungua mlango.

IPO DAWA YA KWELI

Zamani mgonjwa wa aina ya kwanza aliishi miaka michache tu tangu kugunduliwa. Mwaka 2001 dawa mpya iliruhusiwa kutumika nchini Marekani. Dawa hiyo huitwa imatinibu. Ni kidonge cha kumeza. Hufanya kazi moja: huzima amri mbaya inayofanya kiwanda kitoe chembe nyeupe bila kipimo.

Mwaka 2017 matokeo ya utafiti mkubwa wa dawa hii yalichapishwa. Kati ya kila wagonjwa 100 walioanza kwa dawa hii, 83 hivi walikuwa hai baada ya miaka 10. Ugonjwa uliokuwa ukiua kwa miaka michache umekuwa kama kisukari. Mtu anaishi nao, analima, analea watoto wake.

Lakini dawa hii ina sharti. Imezwe kila siku. Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha habari za wagonjwa 87 waliokuwa wakimeza imatinibu kwa miaka kadhaa. Wagonjwa waliomeza zaidi ya vidonge 9 katika kila 10, karibu wote walifanikiwa kuushusha ugonjwa mpaka chini sana. Wale walioruka vidonge zaidi ya hapo, wachache tu walifanikiwa.

Tufanye hesabu. Mwezi una siku 30. Moja ya kumi ya 30 ni 3. Kwa hiyo mtu anayeacha vidonge vitatu kila mwezi ameshafika ukingoni mwa shimo.

Imatinibu ni dawa ya bei kubwa. Hata hivyo, upo mpango wa dunia wa kuwapa wagonjwa dawa hii bila malipo. Ulianza mwaka 2002, nao huendeshwa na shirika liitwalo The Max Foundation. Hapa Tanzania wagonjwa wamepata dawa kwa mpango huo kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Basi usikate tamaa kwa sababu ya bei. Uliza kwanza.

SASA, CHAI YA KIJANI NI NINI?

Watu wengi hufikiri kwamba chai ya kijani ni mti mwingine. Sivyo. Chai ya rangi na chai ya kijani hutoka katika mti mmoja. Ni mti ule ule unaolimwa Mufindi, Rungwe na Lushoto. Ni ule ule unaolimwa kwa jirani zetu wa Burundi, kule Teza na Rwegura. Hata hapa mkoani kwetu umepandwa, huko Maruku karibu na Bukoba.

Tofauti iko katika kutengeneza. Menya ndizi mbichi uiache juu ya meza. Baada ya muda itageuka rangi na kuwa nyeusi. Lakini ukiitia katika maji yanayochemka mara tu baada ya kuimenya, haitaendelea kuwa nyeusi. Moto umezuia mabadiliko. Majani ya chai ni vivyo hivyo. Yakisagwa na kuachwa, hugeuka rangi. Hiyo ndiyo chai tuliyoizoea. Yakipitishwa kwenye mvuke au kikaangoni mapema, hubaki na ukijani. Hiyo ndiyo chai ya kijani.

Tena, si kila jani la kijani ni chai ya kijani. Mchaichai si chai ya kijani. Majani ya mlonge si chai ya kijani. Muuzaji akikuambia ni kitu kimoja, ujue hajui anachouza, au anajua na anakudanganya.

WATAALAMU WALIONA NINI?

Habari ya chai na lukemia haikutoka hewani. Ina chanzo chake. Ndani ya chai ya kijani mna kitu ambacho wataalamu hukiita kwa herufi nne: EGCG. Mwaka 2004 wataalamu wa hospitali ya Mayo Clinic, nchini Marekani, walichukua chembe za wagonjwa wa lukemia sugu ya aina ya pili. Walizitia EGCG ndani ya chupa za maabara. Chembe nyingi zikafa.

Lakini chupa si mtu. Kwa hiyo waliendelea kuchunguza. Walichagua wagonjwa wa aina ya pili ambao bado hawakuhitaji dawa. Hawakuwapa vikombe vya chai. Waliwapa vidonge vya kiini cha chai kilichokolezwa.

Matokeo ya uchunguzi mmoja yalitolewa mwaka 2013. Wagonjwa walikuwa 42. Kila mmoja alipewa miligramu 2,000 za EGCG mara mbili kwa siku, kwa muda wa hadi miezi 6. Wagonjwa 13 walipungukiwa chembe mbaya kwa sehemu moja ya tano au zaidi, na hali hiyo ikadumu kwa muda. Wagonjwa 29 walikuwa na matezi yaliyovimba. Kati yao, 20 matezi yao yalipungua kwa nusu au zaidi.

Hizo ni habari njema kiasi. Lakini soma tena kwa makini. Matezi yalipungua. Hakuna aliyetangazwa kwamba amepona. Wataalamu hawakusema kwamba chai ni dawa ya lukemia. Tena uchunguzi ulihusu aina ya pili. Mgonjwa wa aina ya kwanza, mwenye bandama iliyojaa, asidhani habari hizi zinamhusu. Yeye dawa yake inajulikana.

TUFANYE HESABU YA VIKOMBE

Kikombe kimoja cha chai ya kijani kwa kawaida kina EGCG ya miligramu 50 hadi 100. Wagonjwa wale walipewa miligramu 2,000 mara mbili. Hiyo ni 4,000 kwa siku.

Gawanya 4,000 kwa 100. Jibu ni 40. Gawanya 4,000 kwa 50. Jibu ni 80.

Kwa hiyo mtu angepaswa kunywa vikombe 40 hadi 80 kila siku ili kufikia kipimo kile. Nani awezaye? Hata birika la harusi halitoshi. Basi anayekuambia unywe vikombe viwili uponywe saratani, mwonyeshe hesabu hii.

KIINI KINA HATARI YAKE

Msomaji mwingine atasema, "Basi nitanunua vidonge vya kiini." Ngoja kwanza.

Pombe ya ndizi na gongo la ndizi hutoka katika ndizi zile zile. Lakini kikombe cha pombe ya ndizi si sawa na kikombe cha gongo. Kitu kikikolezwa, nguvu yake hubadilika. Chai ya kikombe haina madhara kwa watu wengi. Kiini kilichokolezwa chaweza kuumiza ini. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa onyo. Ilisema kwamba vidonge vyenye EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku vyaweza kuanza kulidhuru ini. Wagonjwa wale wa Mayo Clinic walikuwa wakipimwa damu na madaktari. Wewe ukinunua kichupa ndani ya basi, nani atakupima ini?

Iko hatari nyingine. Kiini cha chai chaweza kupigana na dawa. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walichunguza dawa moja ya saratani nyingine ya damu, iitwayo mieloma. Dawa hiyo ni bortezomibu. Katika maabara na katika panya, EGCG iliishika dawa hiyo na kuizuia kufanya kazi. Chembe za saratani, ambazo zingekufa, zikabaki hai. Yaani kilichotafutwa kuwa msaada kiligeuka kuwa ngao ya adui.

DAMU HAIFULIWI KAMA SHUKA

Wauzaji hupenda neno "kusafisha damu". Neno hili linapendeza, lakini linapotosha. Ugonjwa wa lukemia si uchafu ulio katika damu, kama matope katika shuka. Kasoro iko kiwandani, ndani ya uboho. Kiwanda kikiwa kibovu, hata ukimwaga damu yote iliyopo, kitatoa nyingine mbovu. Dawa lazima ifike kiwandani.

Watanzania tumeshaona jambo la namna hii. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wapo walioondoka hospitali wakiwa mahututi. Wapo waliofariki wakiwa katika foleni. Wapo walioacha dawa zao za kila siku. Hatuwacheki watu hao. Mgonjwa hutafuta uzima popote. Lakini kikombe, kiwe cha nini, kisiwe sababu ya kuacha tiba.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme mzee mmoja ana lukemia ya aina ya kwanza. Anameza imatinibu. Mpwa wake anatoka Mwanza kumsalimu.

Mpwa: Shikamoo, mjomba.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Habari za Mwanza?

Mpwa: Nzuri, mjomba. Nimekuletea hiki kichupa. Ni kiini cha chai ya kijani. Yule aliyeniuzia alisema kinasafisha damu. Alisema ukikitumia mwezi mmoja, vidonge vya hospitali waweza kuviacha.

Mjomba: Ahsante, mwanangu. Umenikumbuka. Lakini niambie, huyo aliyekuuzia anakaa wapi?

Mpwa: Sijui, mjomba. Alishuka njiani.

Mjomba: Basi nikidhurika nitamtafuta wapi? Daktari wangu najua anapokaa. Nitakiweka kichupa hiki. Siku yangu ya kliniki nitamwonyesha. Akisema hapana, ni hapana.

Mpwa: Na chai yenyewe, mjomba, usinywe kabisa?

Mjomba: Hilo nalo nitamwuliza. Lakini kidonge changu sikiachi hata siku moja.

Mzee huyu amefanya vizuri. Hakumtukana mpwa wake. Hakuficha kichupa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Anayemficha daktari dawa anazokunywa naye yatamkuta hayo.

UFANYE NINI?

Kama wewe au ndugu yako ana lukemia sugu, shika mambo haya:

1. Meza dawa yako kila siku kwa saa ile ile. Imatinibu humezwa pamoja na chakula, na bilauri iliyojaa maji. Usiimeze kwa chai.

2. Usile balungi wala kunywa maji yake wakati unatumia imatinibu. Balungi hubadilisha kiasi cha dawa kilichomo mwilini.

3. Mwambie daktari kila unachokunywa: chai ya kijani, mizizi, majani, vidonge vya dukani. Chukua pakiti yenyewe uende nayo.

4. Usitumie vidonge vya kiini cha chai bila ruhusa ya daktari.

5. Kama daktari amekubali unywe chai ya kikombe, inywe kama kinywaji. Usiinywe pamoja na chakula. Chai, ya rangi au ya kijani, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Ngoja kama saa moja baada ya kula. Shauri hili linafaa pia kwa mama mjamzito, na kwa kila mtu aliyepungukiwa damu.

6. Mwanamke anayemeza imatinibu azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Dawa hii yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

7. Usiache kliniki kwa sababu unajisikia nafuu. Nafuu imeletwa na dawa.

UANZIE WAPI?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wilaya ya Ngara ina hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga. Wilaya ya Biharamulo ina hospitali yake mjini Biharamulo. Hapo omba chembe za damu zihesabiwe. Zikionekana nyingi kupita kiasi, utapewa barua ya rufaa. Waweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, au Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ina idara ya saratani.

Safari ya Mwanza ni ndefu, lakini imekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa. Gari la mgonjwa halingoji tena kivuko.

Nauli ni shida ya kweli. Ndugu na majirani wachange. Tunachanga kwa msiba, tuchange pia kabla ya msiba. Fedha ambayo ingenunua vichupa vitatu vya kiini cha chai, itumike kumfikisha mgonjwa kwa daktari.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni habari hii pamoja, kisha mjibu:

1. Kiwanda cha damu kiko wapi mwilini?
2. Kwa nini ni hatari kumchanja au kumkanda mtu mwenye bandama iliyovimba?
3. Chai ya rangi na chai ya kijani zinatofautiana katika nini?
4. Kama kikombe kimoja kina miligramu 80 za EGCG, vikombe vingapi vitatoa miligramu 4,000?
5. Katika kijiji chenu, mgonjwa akipewa rufaa kwenda Mwanza, mnaweza kumsaidiaje?